Maoni ya wananchi kuhusu madini: danganya toto hii hadi lini?

Mwulize kijana yeyote aliyeketi kijiweni Manzese, Mwanjelwa au Kirumba kama amewahi kuombwa maoni juu ya sheria ya madini. Atakucheka. Maoni? Mimi? Labda uniulize habari za Simba na Yanga!

Lakini Katiba, ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu yeye na yanayolihusu Taifa. Kila raia, ndugu msomaji. Haikusema wakubwa. Wala haikusema "wadau".

Na hilo neno wadau limetuletea balaa. Zamani sote tulikuwa wananchi. Siku hizi mwananchi ni yule anayeombwa kura, na mdau ni yule aliyepata kadi ya mwaliko, bahasha ya nauli na chai yenye sambusa mbili. Anaingia ukumbini saa nne, anakabidhiwa mswada ambao hajawahi kuuona, saa nane anakula pilau, jioni redio inatangaza kwamba wadau wameshirikishwa. Kiini macho!

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Madini. Mrabaha wa dhahabu ukawa asilimia 3, na mgeni akaruhusiwa kumiliki mgodi asilimia 100. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza. Miaka 2 kabla yake, Agosti 1996, wachimbaji wadogo walikuwa wamekwisha kufukuzwa Bulyanhulu kwa nguvu ya dola ili kumpisha mwekezaji. Kama kuna watu nchi hii waliokuwa na la kusema juu ya sheria ile, ni hao. Nani aliwauliza?

Ikaja Buzwagi. Mgodi uko Kahama, lakini mkataba wake Waziri Nazir Karamagi aliusainia hotelini London, Februari 2007. Zitto Kabwe alipohoji Bungeni Agosti mwaka huo, akasimamishwa. Mitaani kukachafuka, mikutano ikajaa. Ndipo Rais Kikwete akaunda Kamati ya Jaji Bomani, ikatoa taarifa yake 2008, na Aprili 2010 tukapata sheria mpya yenye mrabaha wa asilimia 4 kwa dhahabu. Bila zile kelele za mitaani, nani angeunda kamati?

Sasa najua kuna watakaoninyoshea kidole. Watasema, mbona 2017 tulitetewa? Kweli, mwaka ule watu walishangilia na walikuwa na sababu. Mchanga wa dhahabu ulizuiwa bandarini. Kamati ya Profesa Mruma ikasoma ripoti, ya Profesa Osoro ikafuata. Mrabaha wa dhahabu ukapanda hadi asilimia 6, Serikali ikajiwekea hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa, Tume ya Madini ikazaliwa. Mambo mazuri hayo, sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni namna yalivyopitishwa. Miswada mitatu mizito, yenye kugusa utajiri wote ulio chini ya ardhi ya nchi hii, iliingia Bungeni kwa hati ya dharura mwishoni mwa Juni, na wiki ya kwanza ya Julai haijaisha ilikuwa imekwisha kupita. Wabunge wa upinzani walilalamikia haraka hiyo. Mwananchi wa Geita hakupata hata muda wa kukopa nauli ya kwenda Dodoma. Yaani sheria ya kumpendelea mwekezaji tulipitishiwa kichwani, na sheria ya kumbana mwekezaji vilevile tulipitishiwa kichwani!

Na haraka ile tumeilipia. Mabadiliko ya 2017, pamoja na kanuni za Januari 2018, yalifuta leseni za kuhodhi maeneo. Kampuni tatu zikatupeleka kwenye usuluhishi wa kimataifa. Mwaka 2023 Serikali ikakubali kuilipa Winshear dola milioni 30. Mwaka 2024 ikakubali kuilipa Indiana Resources, iliyokuwa na nikeli ya Ntaka Hill kule Nachingwea, dola milioni 90, na Montero, iliyokuwa Wigu Hill mkoani Morogoro, dola milioni 27. Piga hesabu mwenyewe: dola milioni 147. Hazitoki mfukoni mwa waziri. Zinatoka kwenye kodi ya soda unayokunywa na vocha unayokwangua.

Simtetei mwekezaji hapa. Mtu kukalia kilima miaka nenda rudi bila kuchimba, huku vijana wenye sululu wanafukuzwa kama mbwa, ni jambo la aibu, na mimi leseni hizo ningezifuta. Lakini mswada ukikaa wazi miezi miwili, hatakosekana mwanasheria, mhasibu au hata mwalimu mstaafu wa kuuliza: tukifuta hivi leo, kesho tutadaiwa kiasi gani? Swali hilo lingetugharimu chai na sambusa tu.

Kwenye vibali ndiyo usiseme. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka watu wa eneo wasikilizwe wakati wa kupima athari za mradi. Mei 2009 maji yenye tindikali kutoka mgodi wa North Mara yaliingia mto Tigithe, Tarime. Wanaojua mto ule unajaa mwezi gani na ng'ombe wanakunywa wapi ni wanakijiji, si mtaalamu aliyekuja na gari kwa siku mbili. Lakini mikutano ya vijijini tunaijua: ripoti nene, lugha ya kigeni, dakika chache chini ya mwembe, "jamani mmekubali?", makofi, watu watie sahihi ya mahudhurio. Ile karatasi ya mahudhurio ndiyo baadaye inageuzwa ridhaa.

Kisingizio cha lugha kilikwisha 2021, Bunge lilipotamka kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya sheria. Basi safari nyingine wakitaka kugusa sheria au kanuni za madini, watoe mswada kwa Kiswahili, uwekwe ofisi za kata Kahama, Geita, Tarime, Mirerani na huku kwetu mjini, usipungue siku 60. Hati ya dharura waiache kwa mafuriko na njaa. Dhahabu imekaa ardhini tangu enzi na enzi, haina haraka. Na kamati ikishasikiliza, ichapishe nani alisema nini, kipi kimekubaliwa, kipi kimetupwa na kwa nini.

Wewe kijana, siku ukisikia redioni kuna mswada wa madini, nenda ofisi ya kata yako uuombe. Nenda na wenzako wa kijiweni, watano, kumi. Mtendaji akisema haupo, mwambie aandike hivyo kwenye karatasi, agonge muhuri, kisha ituletee hapa gazetini.