BUNDUKI YA RISASI MOJA YATOSHA

Liko neno moja lisemwalo sana kila inapozungumzwa habari ya kuwinda bata mzinga wa mwitu katika nchi ya Marekani. Husemwa kwamba mtu asiye na bunduki kubwa, nzito, yenye kupiga mara tatu mfululizo, hajawa mwindaji kamili. Bunduki nyepesi ya marisau, ile ikunjwayo katikati na kutiwa risasi moja tu, huitwa bunduki ya watoto, na mwenye kuichukua huchekwa. Neno hili limerudiwa mara nyingi hata limekuwa kama sheria. Sisi twalikataa. Twasema kwamba kwa kazi hii bunduki nyepesi ya risasi moja si kitu cha kuonea haya, bali ni chombo kifaacho kuliko vingi vilivyo ghali, mradi mwenye kuichukua akubali masharti yake. Tutaonyesha sababu zetu, wala hatutazificha kasoro zake.

Kwanza yafaa tumjue ndege mwenyewe. Jina lake huweza kumpotosha msomaji, maana huyu si bata, wala hana shughuli na maji. Ni jamaa ya kanga na kwale, akaaye msituni, achakuraye majani makavu mchana kutwa, na jioni hupanda mtini kulala. Dume aliyekomaa huweza kufika ratili 20 na kuzidi. Masikio yake husikia mbali, na macho yake huona hata kidole kikitikisika. Akishtuka hukimbia mbio kushinda mtu, na akiruka huruka kwa nguvu nyingi.

Baridi inapokwisha huko na miti kuanza kuchipuka, dume huwaita majike kwa mlio wake wa kugugumia. Mwindaji huingia msituni kabla ya mapambazuko, amevaa nguo za rangi ya majani, akakaa chini na kuegemeza mgongo wake katika shina la mti. Huiga sauti ya jike kwa kisanduku cha mti kisuguliwacho, au kwa utando mwembamba auwekao kinywani. Kisha hungoja, bunduki juu ya goti, huenda kwa muda wa saa nzima. Dume akidanganyika huja kwa miguu, polepole, ametandaza mkia wake. Hapo mwindaji hulenga kichwa na shingo, wala halengi mwili, kwa kuwa mwilini manyoya na nyama nene ya kifua huyazuia marisau yasifike mahali pa kuua mara moja.

Sasa na tuulize: katika kazi ya namna hii, risasi ya pili na ya tatu zina kazi gani? Hapa hakuna kundi lipitalo hewani. Yuko ndege mmoja, amesimama, ameinua kichwa, naye yu mbali yadi 20 au 30. Ndege huyu akikoswa, mara nyingi kosa ni la mtu: amepiga kutoka mbali mno, au amelenga kwa haraka, au haijui bunduki yake mwenyewe. Risasi ya pili haiponyi hata moja katika makosa haya matatu. Wakati ule ndege amekwisha kukimbia, na kichwa chake kinayumba huku na huku. Marisau humpata mgongoni na mapajani, naye hujikokota mpaka kichakani akafie huko kwa maumivu, pasipo kumfaa mtu. Wazee walisema, Mrusha jiwe kundini hajui limpataye. Ndivyo ilivyo kwa mtu afyatuaye mara tatu nyuma ya ndege akimbiaye.

Twajua jibu la wapinzani wetu, nalo lina haki yake. Husema, “Je, ndege akianguka, kisha akataka kuinuka, mtamfanyaje?” Ni kweli kwamba mwenye risasi ya pili tayari humwondolea mnyonge yule taabu upesi. Kwa sababu hiyo mwenye bunduki ya risasi moja sharti aweke risasi nyingine mahali ambapo mkono hufika bila kutafuta, naye ajizoeze nyumbani, kwa maganda matupu, kufungua, kutoa na kutia, hata mikono ijue kazi bila macho. Lakini dawa iliyo kubwa zaidi ni kutofyatua mpaka awe na hakika. Mtu ajuaye kwamba anayo risasi moja tu humngoja ndege hatua kumi zaidi. Mwenye risasi tatu hushawishika kujaribu bahati yake. Basi upungufu unaochekwa wenyewe ni mwalimu mwema.

Hoja yetu ya pili ni uzito. Bunduki zisifiwazo kwa kazi hii aghalabu hupata ratili 7 au 8. Bunduki ya Stevens 301, ya risasi moja, iliyotengenezwa makusudi kwa bata mzinga, ni kadiri ya ratili 5 tu, na ile ya Henry ni zaidi ya 6. Mtu ataona ratili mbili au tatu si kitu, na dukani kweli si kitu. Apande nayo kilima gizani, ashuke bondeni na kupanda tena, kisha aketi na kuielekeza mbele nusu saa bila kujitikisa. Mikono ikichoka, mdomo wa bunduki hutetemeka. Na akiishusha apumzike, lile jicho kali lililo vichakani limekwisha kumwona. Kwa kijana, kwa mwanamke mwenye mwili mwembamba, na kwa mzee ambaye mabega yake yamechakaa, ratili hizo ndizo hukata shauri kama ataendelea kuwinda au ataacha.

Hapa hatuna budi kuwakemea na wa upande wetu. Wako watu waipendao bunduki nyepesi, lakini huenda wakainunua ya tundu kubwa kabisa na kuitia risasi nene kuliko zote. Hawa hawakuielewa. Kila bunduki hulipiga bega kwa teke, na teke hilo huongezeka kadiri uzito wa bunduki unavyopungua. Risasi ile ile ikipigwa katika bunduki ya ratili 5, nguvu ya teke huzidi ile ya bunduki ya ratili 8 kwa sehemu sita katika kumi. Mtu aliyepigwa hivyo mara tatu huanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na afumbaye macho hawezi kupata shabaha. Kununua wepesi, kisha kuutia mzigo wa bunduki nzito, ni kama kumtwika mwana-punda shehena ya ngamia.

Basi tundu lipi lifaa? Hesabu ya matundu ni ya zamani. Bunduki ya namba 12 ni ile ambayo mpira wa madini ya risasi uliolingana na tundu lake ni sehemu ya 12 ya ratili moja. Ya namba 20, sehemu ya 20. Kwa hiyo namba ikikua tundu hupungua. Ile iitwayo .410 haihesabiwi hivyo: namba yake ni upana wa tundu kwa sehemu za inchi. Zamani waliodharau matundu madogo walikuwa na sababu, maana marisau ya madini ya risasi yaliyo makubwa ya kutosha kuua hayaingii mengi katika risasi ndogo. Lakini siku hizi yako marisau ya tungsteni. Ukiyapima kwa ukubwa ulio sawa, haya huwa na uzito wa 18 pale ambapo madini ya risasi yana 11. Kwa sababu ya uzito huo, chembe iliyo ndogo sana huingia ndani kama chembe kubwa ya zamani. Risasi ya .410 yenye wakia 13/16 za tungsteni ya namba 9 ina chembe karibu 300. Uzito huo huo wa madini ya risasi ya namba 5 hautoi hata 140. Tangu marisau haya yafike madukani, majimbo kadhaa yameruhusu .410 itumiwe kwa bata mzinga. Basi mwenye kumwambia kijana leo kwamba tundu dogo halimwui bata mzinga anasema maneno ya jana.

Hata hivyo hatusemi kila mtu akanunue .410. Shauri letu ni hili: mtu wa kawaida na achague namba 20, kwa maana humsamehe kosa dogo, na teke lake lavumilika, na achague.410 yule tu awezaye kujiapia kwamba hatapiga kupita yadi 30. Wala marisau ya tungsteni yasimpe mtu kiburi cha mbali. Wako wajisifuo kuua yadi 60, lakini hutawasikia wakiwataja ndege waliowajeruhi kwa umbali ule. Isitoshe, marisau haya ni magumu sana. Mwenye bunduki aliyorithi kwa babu yake, kama Winchester 37 iliyotengenezwa tangu 1936 hata 1963, asiyatie kabla ya kuipeleka kwa fundi wa bunduki, yasije yakaharibu mtutu. Na asome maandishi ya mtutu ajue urefu wa risasi uruhusiwao.

Watauliza juu ya gharama. Ni kweli, risasi za tungsteni ni ghali mara kadhaa kuliko za kawaida. Lakini mwindaji huyu hapigi nyingi. Ajizoeze kwa zile za bei ndogo, kisha apige chache za ghali kwa majaribio, na zilizobaki zimtoshe kwa msimu. Fedha aliyoiokoa kwa kuiacha bunduki ya fahari ni nyingi kuliko hiyo.

Kuhusu majaribio hatutaki mchezo. Asiende mtu msituni kabla ya kuipiga karatasi. Atundike karatasi pana, achore duara la upana wa inchi 10, apige kutoka yadi 20, kisha 30, kisha 40, akiweka karatasi mpya kila mara, na kuhesabu matundu. Wawindaji wengi hutaka chembe 100 ndani ya duara hilo. Pale zinapopungua kuliko hizo ndipo mpaka wake ulipo, hata kama jirani yake mwenye bunduki ya aina ile ile hufika mbali zaidi. Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja huweza kutofautiana, na mdomo wa mtutu uliobanwa sana huzikusanya chembe kuliko ulio wazi. Bunduki iliyosifiwa na watu mia, lakini haijapiga karatasi, haijulikani. Tena aangalie kama inapiga pale anapolenga. Kama siyo, shabaha ziwekwe sawa kwanza.

Imesalia kasoro moja ya kweli. Bunduki nyingi za namna hii zina nyundo nje, nayo sharti ivutwe nyuma kwa dole gumba kabla ya kufyatua. Kidole chenye baridi huweza kuteleza, na ndege aweza kuliona tendo hilo. Basi ivutwe ndege akipita nyuma ya mti, na irudishwe polepole, mdomo wa bunduki ukielekea ardhini mahali pasipo na mtu. Kwa upande mwingine, bunduki hii ikifunguliwa, kila mtu huona mara moja kama ina risasi au haina. Katika kuruka ua na kupokezana bunduki, hiyo ni salama kubwa. Nayo salama yahitajiwa sana katika uwindaji huu, maana wako watu waliopigwa kwa kudhaniwa kuwa bata mzinga. Ndiyo sababu waangalifu hawavai nyekundu, nyeupe wala buluu, zilizo rangi za kichwa cha dume, wala hawaifuati sauti kwa kunyemelea.

Tumesema haya yote kwa uchungu, nayo sababu ni hii. Ndege huyu alikaribia kutoweka. Misitu ilikatwa, naye aliwindwa pasipo kipimo, hata kufika miaka ya 1930 alikuwa amekwisha katika majimbo mengi. Mwaka 1937 ilitungwa sheria ya kuutenga ushuru wa bunduki ndefu na risasi, na fedha zake zikatumiwa kuwarudisha wanyama. Tangu miaka ya 1950 bata mzinga wa mwitu walinaswa kwa nyavu zilizorushwa kwa mizinga midogo, wakahamishwa wakiwa hai mpaka misitu iliyobaki mitupu. Leo wamekuwa mamilioni tena, ingawa mahali pengine wameanza kupungua. Ndege aliyerudishwa kwa jasho la namna hiyo hastahili kupigiwa bahati nasibu.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na jamaa huko ng’ambo akuandikiaye kwamba ataka kuanza uwindaji huu, naye anaona haya kwa kuwa mfuko wake wafikia bunduki ya risasi moja tu, mjibu asione haya. Apate leseni yake, asome sheria za jimbo lake, aijaribu bunduki yake kwa karatasi, ajue mpaka wake, na ndege akiwa nje ya mpaka huo amwache aende. Atakayerudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu hiyo ndiye mwindaji kamili, na wacheke wapendao kucheka.