Mwanagenzi wa Udaktari Asiachwe Peke Yake

Shahada pekee haimfanyi mtu kuwa daktari kamili. Nchini Kenya, daktari mpya hana budi kuhudumu hospitalini kwa mwaka mmoja wa uanagenzi, akizunguka wodi za watoto, uzazi, upasuaji na nyinginezo, kabla ya kuruhusiwa kutibu peke yake.

Mgomo wa madaktari wa 2024, uliodumu siku 56, ulitokana kwa sehemu kubwa na malipo ya wanagenzi hao. Serikali ilitaka kuwapa Sh70,000 kwa mwezi, ilhali mkataba wa 2017 ulitaja zaidi ya Sh200,000. Desemba mwaka huo ilikubali kuuheshimu mkataba. Hiyo ilikuwa haki, kwani mwanagenzi hukesha na wagonjwa kama mwajiriwa yeyote.

Hata hivyo, yeye angali mwanafunzi. Walimu wanajua kwamba anayesomea ualimu hukaguliwa awapo mazoezini. Sembuse anayeshika kisu cha upasuaji usiku wa manane? Kosa la darasani husahihishwa kesho yake. La wodini huenda lisisahihishike kamwe. Hivyo, kila hospitali inayopokea wanagenzi sharti iwe na madaktari wazoefu wa kuwaongoza, mchana na usiku. Mgonjwa anastahili hilo.