Mmerudi Dodoma salama? Subiri siku 30 ndipo useme likizo imeisha

Likizo ya Juni ikikaribia, watoto wengi wa Dodoma huwa na ombi moja: bahari. Wamekulia kwenye vumbi, mibuyu na upepo mkavu, hivyo maji mengi kwao ni maajabu. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam, Julai 2024, ombi hilo limekuwa rahisi kulitimiza. Safari iliyokuwa ikimaliza siku nzima ndani ya basi sasa ni ya takriban saa nne, na njiani watoto wanapata zawadi ya kupita kwenye mahandaki ya Kilosa.

Kosa la familia nyingi ni kutaka kuona kila kitu kwa siku nne. Leo Dar, kesho Bagamoyo, keshokutwa Zanzibar. Watoto wanakula ovyo, wanalala usiku wa manane, na mama anarudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka.

Kuna njia nyingine: chagua mji mmoja mdogo wenye maji, ukae. Watalii wanaokwenda Ureno hufanya hivyo Porto, kando ya Mto Douro, au Lisbon, kwenye Mto Tagus. Asubuhi wanatembea mitaa ya kale, jioni wanakaa kando ya mto.

Kwetu, mji wa namna hiyo ni Pangani, mkoani Tanga, pale Mto Pangani unapoingia Bahari ya Hindi. Unazungukika kwa miguu. Una majumba ya kale, na una historia nzito: upinzani wa Abushiri dhidi ya Wajerumani uliwaka hapo mwaka 1888, na Abushiri mwenyewe alinyongwa hapo hapo Desemba 1889. Kuna safari za boti mtoni, katikati ya minazi. Mto una mamba, kwa hiyo mtoto aonyeshwe mto akiwa ndani ya boti, asiachwe kuchezea ukingoni.

Mkiwa mmekaa, wape watoto mchezo huu: watafute maneno ambayo Wareno waliyaacha katika Kiswahili walipotawala pwani yetu. Meza, bendera na leso ni baadhi yake.

Mbu wa pwani na mtoto wa Dodoma

Sasa jambo ambalo wazazi wengi hulisahau. Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo zaidi nchini. Ni neema, lakini ina upande wa pili. Kinga ya mwili dhidi ya malaria hujengeka kwa kuambukizwa mara kwa mara. Mtoto aliyekulia Kisasa au Nkuhungu hajaipata, hivyo mbu mmoja mwenye vimelea anaweza kumwangusha vibaya.

Tena malaria haijitokezi siku ile ile. Kwa kawaida dalili huanza kati ya siku 7 na 30 baada ya kuumwa na mbu. Maana yake ni kwamba mtoto anaweza kucheza vizuri likizo nzima, akarudi Dodoma, akaanza shule, ndipo homa ipande. Wakati huo hakuna nyumbani anayekumbuka Pangani. Inasemwa ni mafua au uchovu, anapewa panadoli, homa inashuka kwa saa chache, na siku mbili zinapotea. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, siku mbili ni nyingi mno.

Ya kufanya

Kabla ya kuondoka, weka chandarua chenye dawa kwenye begi, hata kama nyumba ya wageni imesema inacho. Mbu wa malaria huuma zaidi kuanzia jioni hadi alfajiri, kwa hiyo matembezi ya jioni yaende na suruali, mikono mirefu na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu.

Kama una ujauzito, au mtoto ana selimundu, muone daktari mapema. Kwao malaria ni hatari zaidi, na daktari ndiye wa kushauri kinga inayofaa.

Mkirudi, hesabu siku 30. Homa yoyote ndani ya siku hizo ipimwe siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka hutumia tone la damu kidoleni na majibu hutoka ndani ya nusu saa.

Usimpe mtoto dawa mseto iliyobaki ya kaka yake. Kipimo chake hufuata uzito, na dozi kamili huenda siku tatu.

Mtoto akipata degedege, akitapika kila anachopewa, akishindwa kunywa au kunyonya, akipumua kwa shida au akilegea na kukosa fahamu, usisubiri kuche. Mpeleke hospitali muda huo huo.

Na ukifika mbele ya daktari, usiishie kusema mtoto ana homa. Anza na hili: "Wiki mbili zilizopita tulikuwa Pangani." Katika mkoa ambao malaria ni adimu, sentensi hiyo ndiyo inayomfanya mhudumu aifikirie mapema.