Mguu wa Kuku Imepatikana Kwa Keja Mnashare: Nani Anabeba Msalaba?

Karao wakiingia kwa keja saa kumi usiku na wapate bastola chini ya godoro, wasee wote watatu wanaoishi hapo wanaenda na pingu. Hapo hakuna mjadala. Swali lenyewe linangoja kortini: hiyo mguu wa kuku ni ya nani?

Mtaani tunaamini ikipatikana kwenu, nyote mko ndani. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakataza kuwa na bunduki bila cheti. Lakini maana ya "kuwa na" kitu iko kwa Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 4. Hapo ndipo kesi nyingi husimama ama huanguka.

Kwanza, bunduki si lazima iwe mfukoni mwako. Ukiiweka mahali ili uitumie, hata kama hiyo nyumba si yako, umeshikwa nayo. Pili, mkiwa wawili au zaidi na mmoja wenu ako nayo, inahesabiwa ni yenu nyote kama wengine walijua na wakakubali. Soma tena: kujua NA kukubali.

Kwa hivyo kiongozi wa mashtaka hawezi kuleta risiti ya rent akaketi chini. Lazima akuunganishe na hiyo chuma. Ilikuwa kwa begi yako ama ya roomie? Kabati lina kufuli, na funguo anabeba nani? Ni wewe ulionyesha polisi mahali iko? Ripoti ya mtaalamu wa silaha inathibitisha tu kwamba ni bunduki na inafyatua. Haisemi mwenyewe ni nani.

Lakini usijichoche, buda. Hakimu haoni ndani ya kichwa chako, so anaangalia mazingira. Kama mnaishi bedsita moja na risasi ziko kwa droo ya sukari na majani, "mimi sikujua" inakuwa ngumu kuaminika. Na kama ulijua kitambo, ukanyamaza, mkaendelea kupika na kula pamoja, hiyo kimya yako itasomwa vipi? Kati ya kujua na kukubali kuna ukuta mwembamba sana, na hapo ndipo upande wa mashtaka utapiga nyundo.

Ukishikwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kunyamaza, kuongea na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya masaa 24, ama siku ya korti inayofuata kama hayo masaa yameisha korti ikiwa imefungwa. Itumie. Stori ya kumfunika beshte wako, ikipatikana ni uongo, inaweza kuwa ndiyo kamba ya kukufunga na yeye.

Kushare rent si hatia. Lakini roomie akileta chuma na wewe ujue, kila siku unalala hapo bila kufanya kitu inafanya "sikukubali" ikose nguvu.