"Mwambie mama": barua ya wazi kwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Wizara ya Afya,
Mtumba, Dodoma.

YAH: WAKALIMANI WA LUGHA YA ALAMA HOSPITALINI



Mimi ni mtoto wa kwanza wa mama kiziwi. Mama alisoma Tabora, kwenye shule ya viziwi iliyoanzishwa mwaka 1963. Akaolewa, akapata cherehani, na mpaka leo anashona sare za wanafunzi. Kazi yangu ya kwanza maishani, kabla sijajua hata kufunga kamba za viatu, ilikuwa kumsemea: sokoni, kwa mwenye nyumba, kwa mjumbe, na hospitali.

Nilikuwa na miaka tisa siku baba mdogo alipokuja kunitoa darasani ili nimpeleke mama kliniki. Ujauzito wake ulikuwa wa miezi saba, na kwa siku mbili mtoto alikuwa hajacheza. Daktari aliweka tumboni kile kifaa chenye umbo la tarumbeta ndogo, akatega sikio, akakisogeza, akatega tena. Akamwita nesi naye asikilize. Kisha akageuka akanitazama mimi.

"Mwambie mama mtoto hana mapigo ya moyo."

Alama ya mtoto nilikuwa naijua. Ya moyo pia. Lakini namna ya kumwambia mama mwenye tumbo lile kwamba mapigo hayapo sikuijua kwa lugha yoyote. Nikaweka kiganja shavuni, nikainamisha kichwa: mtoto amelala. Mama akatabasamu, akalipapasa tumbo. Akatia saini karatasi ya kulazwa akidhani anakwenda kupumzishwa. Ukweli aliukuta wodini, peke yake.

Daktari yule simlaumu. Foleni ilikuwa imefika nje ya mlango, na mtu pekee mle ndani aliyeijua lugha ya mgonjwa wake alikuwa mtoto wa darasa la tatu.

Mheshimiwa, huruma tunayo tele. Mama akipanda daladala na watu wakagundua kwamba hasikii, utasikia "hujafa hujaumbika", na mtu atasimama ampishe kiti. Tunashukuru, ingawa miguu yake ni mizima. Wengine watamwita bubu mbele ya uso wake, kana kwamba asiyesikia haoni midomo ya watu. Hospitali nako ni hivyo hivyo. Watampitisha mbele ya foleni kwa moyo mweupe kabisa, halafu ataingia kwa daktari na kutoka bila kuambiwa neno analolielewa. Wote wanaridhika kwamba mlemavu amesaidiwa.

Ukitaka kujua hali ilivyo, keti asubuhi moja kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Nesi anatokea mlangoni, anaita jina, anasubiri kidogo, anaita linalofuata. Mama hujifunza uso wa nesi na kukodolea midomo yake tangu saa moja asubuhi; akiinama tu kutafuta kadi kwenye mkoba, zamu imempita. Benki zetu zimelimaliza jambo hili kwa kikaratasi cha namba na kioo ukutani.

Dirisha la dawa ndilo pekee linalomtendea haki, tena bila kukusudia. Kwenye bahasha huandikwa 1x3, naye anaelewa sawasawa na mgonjwa mwingine yeyote. Yale yasiyoandikwa ndiyo yanayomponza. Ana kisukari, na kuna kipindi alirudishwa nyumbani mara tatu bila kupimwa kwa sababu alikuwa amekunywa chai. Bila shaka aliambiwa aje kabla ya kula. Aliambiwa kwa mdomo.

Najua swali linalofuata, maana nimeulizwa mara nyingi: si aandikiwe tu? Mheshimiwa, Lugha ya Alama ya Tanzania si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Ina sarufi yake, na kwa viziwi wengi Kiswahili ni lugha ya pili, waliyojifunza bila kuisikia hata siku moja. Mama anasoma vipimo vya nguo, risiti na majina ya mitaa. Umwandikie "kondo la nyuma limeachia", utakuwa umempa karatasi tu. Na mama alibahatika kufika darasani. Kuna kiziwi aliyekulia kijijini bila shule, ambaye lugha yake ni alama alizozibuni na ndugu zake jikoni. Huyo kalamu haimfai kitu.

Ndipo tunapomtegemea ndugu, jirani au mtoto. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya mtu. Siri hiyo inalindwaje pale majibu ya mwanamke yanapopitia kwa shemeji yake? Nimewahi kukaa katikati ya mama na mshauri nasaha nikiwa na miaka kumi na minne, nikimuuliza mama yangu mzazi maswali ambayo mtoto hamuulizi mama yake. Hatukutazamana wiki nzima.

Sikuombi jambo geni. Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 9 inawataja wakalimani wa kitaalamu wa lugha ya alama, na ya 25 inataka mgonjwa aridhie matibabu akiwa ameelezwa na kuelewa. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kamusi ya lugha hiyo ipo tangu 2004, kazi ya Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chama cha Viziwi, CHAVITA, kipo. Hata taarifa ya habari ina mkalimani kwenye kona ya kioo, kiasi kwamba mama alijua maji ya mafuriko yamefika wapi kule Rufiji wakati hajui sukari yake imefika ngapi.

Naomba mambo manne.

Kwanza, nafasi ya mkalimani iingizwe kwenye ikama ya hospitali za rufaa za mikoa. Tukihesabu hospitali moja kwa kila mkoa wa Bara, wakalimani wawili wawili ni watu 52 kwa mikoa 26.

Pili, vituo vya afya na zahanati vipewe namba ya kumpigia mkalimani kwa video. Hili nimeshalijaribu. Mwaka huu daktari kijana alikubali kuiegemeza simu ya mama kwenye chupa ya vitakasa mikono, nami nikatafsiri nikiwa Mwanza. Tulimaliza kwa dakika kumi na mbili. Kwa mara ya kwanza mama aliuliza swali lake mwenyewe: je, ganzi ya miguu inatokana na sukari au na cherehani?

Tatu, wanafunzi wa uuguzi na utabibu wafundishwe alama za msingi: maumivu, damu, homa, mimba, tangu lini. Na wagonjwa waitwe kwa namba inayoonekana.

Nne, itolewe amri kwamba mtoto chini ya miaka kumi na minane asitumiwe kutafsiri habari za ugonjwa wa mzazi wake, isipokuwa uhai uko hatarini na hakuna mtu mwingine.

Miaka mingi baadaye, tukiwa tunakunja sare za wateja, mama aliniuliza kuhusu siku ile. Aliweka kiganja shavuni, akainamisha kichwa kama nilivyofanya mimi, kisha akanyoosha kidole kwangu: ulikuwa unajua? Nikamjibu ndiyo. Akaendelea kukunja, na mpaka leo hajaniuliza tena.

Kliniki yake ni Jumanne ya kwanza ya kila mwezi. Nimeshamwomba bosi wangu ruhusa ya kushika simu saa tatu asubuhi, na chaja ninayo. Lakini yule daktari kijana amehamishwa, na sijui atakayempokea mama Jumanne hii kama atakubali kuiegemeza simu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Binti wa mama kiziwi,
Mwanza.