Tujifunze Kiingereza: "What" au "Which"?

Leo tutazame maneno mawili ya kuulizia yanayowasumbua wanafunzi wengi: "what" na "which". Wengine hudhani ni mamoja. Sivyo.

Msiogope. Tofauti hiyo tunayo katika Kiswahili chetu. Mtu akikuuliza, "Wataka kitabu gani?" waweza kutaja kitabu cho chote. Lakini akikuwekea vitabu vitatu mezani, atasema, "Wataka kitabu kipi?" Hapo huna budi kuchagua katika vile vitatu. Basi "what" ni ndugu yake "gani" na "nini"; "which" ni ndugu yake "kipi", "yupi", "ipi" na "lipi".

Someni Injili ya Mathayo, sura ya 19. Kijana tajiri alimwendea Yesu, akamwuliza atende jema gani apate uzima wa milele. Jibu laweza kuwa jambo lo lote. Kwa hiyo Kiingereza hutumia "what". Yesu akamwambia azishike amri. Kijana akauliza tena: zipi? Amri zenyewe alizijua. Alitaka kuonyeshwa zile zinazotakiwa katika hizo. Hapo Kiingereza hutumia "which".

Kuyachanganya maneno haya kwaweza kuleta hasara. Mwanao wa sekondari akikuta katika mtihani, "Which of these animals lays eggs: the cow, the bat, the duck or the goat?" jibu limo katika hao wanne. Akiandika kuku amekosa, ijapokuwa kuku hutaga kweli.

Hata hospitali ni hivyo. Daktari mgeni akiuliza, "What medicine did the child take?" mtajie dawa zote alizokunywa mtoto, hata mizizi mliyochemsha nyumbani. Lakini akishika chupa mbili na kuuliza, "Which medicine did the child take?" ataka umwonyeshe moja katika hizo mbili. Aliyesikia "what" akadhani ni "which", ataonyesha chupa tu, na habari ya mizizi daktari hataipata.

Shikeni na haya matatu. Kwanza, mbele ya "of", katika kuchagua, tumieni "which", hata kwa watu: "Which of you is Maria?" Msiseme "what of you". Pili, jina na saa huulizwa kwa "what": "What is your name?" "What time is it?" Tatu, pengine yote mawili yafaa. "What colour do you like?" ni sawa, na "Which colour do you like?" ni sawa pia, ila anayesema "which" anazo rangi chache mbele yake au moyoni mwake.

Sasa jaribuni na watoto jioni, baada ya chakula. Jazeni "what" au "which":

1. ..... is your father's name?
2. ..... of these two roads goes to the church?
3. ..... hand do you write with?

Majibu: La kwanza ni "what". La pili ni "which", maana njia ni mbili. La tatu nalo ni "which", maana mtu ana mkono wa kuume na wa kushoto, basi.