Si Nguvu, Ni Magoti

Yapo makosa ambayo sisi walimu tuliyafundisha kwa mwandiko mzuri. Mojawapo ni huduma ya kwanza kwa mtu ambaye moyo wake umesimama. Tuliandika ubaoni: "Bonyeza kifua kwa nguvu." Wanachuo wakanakili, wakafanya mtihani, wakapata alama. Hakuna aliyepiga magoti.

Matunda yake niliyaona kwa macho yangu katika chuo cha ualimu nilikofanya kazi. Mkufunzi mwenzetu alianguka bwaloni. Tukambeba, tukamlaza kitandani juu ya godoro, tukidhani tunamstahi. Mwanachuo mmoja, mcheza mpira mwenye misuli, akasimama kando ya kitanda, akainama, viwiko vimekunjika, akaanza kubonyeza. Kila alipobonyeza, godoro lilibonyea. Muda si mrefu alikuwa hoi. Mwenzetu akafariki. Sisemi angepona, hilo alijuaye ni Mungu. Nasema tulimpunguzia nafasi, na kosa halikuwa la kijana yule. Lilikuwa letu tuliomfundisha.

Wapo wanaoshikilia kwamba kazi hii ni ya wanaume wenye nguvu. Nawapinga. Tangu mwaka 1960, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker walipotangaza njia hii kule Baltimore, Marekani, chombo chake ni mikono miwili tu. Lakini mikono haifanyi kazi peke yake. Mgonjwa alazwe chali mahali pagumu. Msaidizi apige magoti karibu kabisa na kifua, mikono ikae katikati, juu ya nusu ya chini ya mfupa wa kidari, viwiko vinyooke, mabega yawe juu ya mikono. Hapo uzito wa mwili hushuka wima. Akikaa mbali, mikono hulala mshazari na nguvu hupotea pembeni. Akikunja viwiko, misuli hubeba kazi ya kiwiliwili, ikachoka upesi.

Kifua cha mtu mzima kinatakiwa kishuke sentimeta 5, kisizidi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara kiachwe kiinuke chote ili moyo ujae damu. Nani ataweza hayo akiwa ameinama vibaya? Mwenye umbo dogo ndiye hasa anayehitaji mkao sahihi. Hata aliye hodari apokewe kila baada ya dakika 2. Na ikibidi kuhudumia kitandani, msaidizi mfupi apande kibao, hakuna aibu.

Basi nasema wazi: mtihani wa somo hili ufanyike sakafuni. Pasipo sanamu ya mazoezi, gunia lililoshindiliwa nguo kuukuu litatosha kufundishia mkao. Kifua cha mtu aliye mzima kisiguswe. Anayejua majibu yote lakini hajapiga magoti, mimi simpi hata alama moja.